BREKI YA MBELE INAPOBANA BAADA YA MATENGENEZO
Maelezo kwa makatibu na wanachama wa vyama vyenye pikipiki

Pikipiki ya chama ni mali ya wanachama wote. Anayeipanda, awe ni katibu, karani wa ununuzi au bwana shamba, amekabidhiwa tu kwa ajili ya kazi. Kwa sababu hiyo, kila inapopelekwa kwa fundi zinazotumika ni fedha za wanachama, na kila inaporudi hapana budi ipokewe kwa uangalifu uleule unaotumika kupokea mizani na magunia mwanzoni mwa msimu.

Makala hii inaeleza kasoro moja ambayo huvisumbua vyama vingi, nayo ni breki ya mbele kuendelea kulibana gurudumu hata baada ya mpandaji kuuachia mkono wa breki. Mafundi husema breki "inakamata". Hasara zake ni nyingi. Petroli hutumika zaidi, pedi au viatu vya breki huisha mapema, na mafuta ya breki huchemka hata breki ikakosa nguvu pale inapohitajiwa. Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni gurudumu la mbele kukwama ghafla njiani. Gurudumu la nyuma likikwama pikipiki huserereka, na mpandaji huweza kuidhibiti. La mbele likikwama, mpandaji huanguka kabla hajapata nafasi ya kufanya lolote.

Inafaa ieleweke kwamba kasoro hii huonekana mara nyingi pikipiki inapotoka kwa fundi kuliko inapokwenda. Iliingia ikiwa na breki dhaifu, ikatoka ikiwa na breki isiyoachia. Ndipo katibu huambiwa kwamba kifaa fulani kimekufa na lazima kinunuliwe kipya. Huenda ni kweli. Lakini mara nyingi kifaa hicho ni kizima, ila kimefungwa vibaya.

MFANO WA CHAMA KIMOJA

Tuchukue mfano wa chama cha msingi chenye pikipiki moja na vituo vitatu vya kununulia pamba. Pedi za breki ya mbele zilikuwa zimekwisha. Miezi miwili kabla ya msimu, mtu mmoja aliona mafuta ya breki yamepungua katika kikopo chake kilichoko kwenye usukani, akaongeza mpaka alama ya juu. Baadaye fundi akafunga pedi mpya, akaujaribu mkono wa breki, akaukuta mgumu na mzuri, akairudisha pikipiki.

Siku ya kwanza ya kazi karani alikwenda kilometa sita bila tatizo. Kufikia kilometa ya kumi aliona injini inalemewa, kisha akasikia harufu ya kitu kinachoungua. Alisimama, akapumzika chini ya mwembe nusu saa, na pikipiki ikaenda tena vizuri. Baada ya kilometa chache hali ikarudi ileile. Siku hiyo kituo cha tatu hakikupata fedha, na wakulima walilala na pamba yao nje ya ghala. Kesho yake bodi ililetewa ombi la kununua silinda kuu ya breki.

Silinda kuu haikuwa na ubaya wowote. Mafuta yalikuwa yamepungua katika kikopo kwa sababu pedi za zamani zililika. Kadiri pedi zinavyolika, ndivyo pistoni zinavyosogea nje na mafuta yanavyoteremka kuijaza nafasi inayobaki. Fundi alipofunga pedi mpya nene, alizirudisha pistoni ndani, na mafuta yakapanda juu. Kwa kuwa yalikuwa yameongezwa hapo awali, kikopo kilijaa pomoni. Mafuta yalipopata joto yakavimba. Yalipokosa pa kwenda, yakazisukuma pedi, pedi zikabana diski, joto likazidi, na mafuta yakazidi kuvimba. Tiba ilikuwa kuyapunguza mafuta hadi kwenye alama yake. Kazi hiyo ni ya dakika kumi na haihitaji kifaa kipya hata kimoja.

KANUNI YA KUANZIA

Funzo la mfano huu ni kwamba breki inapobana baada ya matengenezo, swali la kwanza lisiwe "Kipi kimekufa?" bali liwe "Kipi kiliguswa?" Pikipiki haikubana kabla ya kufunguliwa. Ikiwa imeanza kubana baada ya kufungwa, chanzo kitafutwe kwanza katika yale yaliyofunguliwa, yaliyoongezwa au yaliyobadilishwa, kwa kuanza na la mwisho kurudi kwenye la kwanza. Vifaa ambavyo havikuguswa vichunguzwe baadaye, na ununuzi uje mwisho kabisa.

JE, INAYOBANA NI BREKI AU NI GURUDUMU?

Kabla ya kuilaumu breki, pikipiki isimamishwe kwa stendi ya kati, au injini iegemezwe juu ya gogo imara, ili gurudumu la mbele lining'inie. Lizungushwe kwa mkono. Kwa breki ya diski, sauti ndogo ya kukwaruza ni jambo la kawaida, kwa sababu pedi hukaa karibu sana na diski. Lisilo la kawaida ni gurudumu kusimama mara tu mkono unapoliachia.

Gurudumu likiwa zito, nati ya ekseli ilegezwe kidogo, kisha lizungushwe tena. Likiwa jepesi mara moja, huenda kosa haliko kwenye breki bali katika ufungaji wa gurudumu. Makosa yanayoonekana zaidi hapa ni matatu. La kwanza ni bushi ya kati, ile inayokaa ndani ya habu baina ya beringi mbili, kusahauliwa au kuwekwa isiyo yake. Nati inapokazwa, beringi husongwa na kushindwa kuzunguka. La pili ni gia ya spidomita kutoingia katika pengo zake, hivyo kusagwa baina ya habu na shokapu. La tatu ni beringi mpya iliyogongwa ikakaa upande. Katika hali hizo tatu, kuilegeza nati na kuiacha hivyo si tiba. Ni kumpeleka mpandaji kwenye hatari nyingine, maana ekseli ikilegea gurudumu huweza kuchomoka. Gurudumu lifunguliwe na kufungwa upya.

BREKI YA NGOMA

Pikipiki nyingi za kazi zina breki ya ngoma mbele. Mpandaji avutapo mkono, waya huvuta kitenzi kilicho ubavuni mwa gurudumu. Kitenzi huzungusha kamu, yaani kile chuma kinachovitanua viatu vya breki, ambavyo madukani huitwa brekishuu. Viatu hugusa ngoma kwa ndani, na mkono ukiachiwa, springi huvirudisha. Kwa hiyo breki ya namna hii hubana kwa sababu mojawapo ya mbili: ama waya hauachii, ama viatu havirudi.

Njia ya kuzitenganisha sababu hizi ni rahisi. Waya wa breki ulegezwe kabisa kwenye skrubu yake ya kurekebishia. Gurudumu likiwa jepesi, kosa liko kwenye waya au kipimo chake. Likibaki zito, kosa liko ndani.

Makosa ya waya ni haya:

(a) Kukosa mchezo. Mkono wa breki lazima usogee kidogo kabla breki haijaanza kushika. Kwa pikipiki ndogo nyingi za breki ya ngoma, mchezo huo ni kati ya milimita 20 na 30 kwenye ncha ya mkono, lakini mwamuzi ni kitabu cha pikipiki yenyewe. Fundi anayetaka kumfurahisha mwenye pikipiki huukaza waya ili breki ishike upesi. Viatu vipya ni vinene kuliko vya zamani, hivyo kipimo kilichofaa jana hakifai leo.

(b) Waya kupita njia isiyo yake. Usukani ugeuzwe mpaka mwisho kulia na mpaka mwisho kushoto huku gurudumu likizungushwa. Gurudumu likibana upande mmoja tu, waya umepitishwa vibaya au umefungwa pamoja na nyaya nyingine kwa kukazwa mno.

(c) Waya kuwa na kutu au nyuzi zilizokatika ndani. Waya wa namna hiyo ubadilishwe. Kuumiminia mafuta ni kuahirisha tu.

Makosa ya ndani ni haya:

(a) Kamu kavu. Kamu huzunguka katika tundu lake. Likiingia vumbi na kutu, springi hushindwa kuirudisha. Dalili yake ni kwamba kitenzi kikisukumwa kwa mkono kurudi nyuma, gurudumu huwa jepesi. Kamu itolewe, isuguliwe kwa msasa laini, ipakwe grisi kidogo inayostahimili joto, na ile iliyozidi ipanguswe. Grisi ikifika kwenye viatu, breki haitashika tena na viatu hivyo vimeharibika.

(b) Kitenzi kufungwa jino moja mbele au nyuma. Pikipiki nyingi zina alama ya nukta kwenye kamu na nyingine kwenye kitenzi, nazo zinatakiwa zikabiliane. Zisipokabiliana, kamu hukaa ikiwa imevitanua viatu hata waya ukilegezwa.

(c) Springi zilizochoka, zilizofungwa kinyume, au za pikipiki nyingine. Fundi anapobadili viatu na kuziacha springi za zamani zilizonyooka, viatu hubaki vinaning'inia juu ya ngoma.

(d) Viatu kutokaa katikati. Hili ni jepesi kurekebisha, lakini mafundi wengi hulipuuza. Baada ya gurudumu kurudishwa na kabla ya nati ya ekseli kukazwa mwisho, mkono wa breki uvutwe na kushikiliwa kwa nguvu, ndipo nati ikazwe. Kwa kufanya hivyo viatu hujiweka vyenyewe katikati ya ngoma.

(e) Kifuniko cha breki kutoshikwa. Kifuniko kinachobeba viatu kina pengo linalotakiwa kukaa juu ya jino la shokapu, au kina mkono wa chuma unaofungwa kwa bolti. Kazi yake ni kukizuia kifuniko kisizunguke pamoja na gurudumu. Pengo hilo likikosewa, siku mpandaji atakapovuta mkono wa breki kwa nguvu kifuniko kizima kitazunguka, kitaukata waya na kulifunga gurudumu papo hapo. Kila katibu ajifunze kuliangalia jambo hili kwa macho yake mwenyewe. Halihitaji spana wala ujuzi wa fundi.

BREKI YA DISKI

Breki ya diski haitumii waya. Mkono husukuma pistoni ndogo katika silinda kuu, mafuta hupita katika mpira wa breki mpaka kwenye kalipa, na pistoni za kalipa husukuma pedi zishike diski. Hakuna springi kubwa ya kuzirudisha pistoni hizo. Kinachozirudisha ni sili ya mpira inayoizunguka kila pistoni. Sili hupinda kidogo pistoni inapotoka, na breki ikiachiwa hujinyoosha na kuivuta pistoni nyuma kwa kiasi kidogo mno. Kwa hiyo kutu au uchafu mdogo tu hutosha kuishinda nguvu hiyo.

Katika silinda kuu mna tundu dogo sana linaloyarudisha mafuta kwenye kikopo kila breki inapoachiwa. Tundu hilo likizibwa na uchafu, au likifunikwa kwa sababu mkono wa breki haurudi mpaka mwisho, shinikizo hubaki ndani na breki hubana zaidi kadiri inavyopata joto. Mkono huweza kushindwa kurudi kwa sababu ya bolti yake iliyokazwa mno, vumbi, au skrubu ya marekebisho iliyounyima mchezo.

Breki ya diski inapobana, uchunguzi ufuate hatua hizi bila kuruka hata moja. Breki iwe imebana wakati wa uchunguzi, na kabla ya kulegeza chochote kitambaa kiwekwe na macho yalindwe, kwa sababu mafuta huweza kuruka.

Hatua ya kwanza: kikopo kitazamwe. Mafuta yakipita alama ya juu, yapunguzwe, kisha gurudumu lijaribiwe tena. Mkono nao uangaliwe kama unarudi mpaka mwisho.

Hatua ya pili: mpira wa breki ulegezwe pale unapoungana na silinda kuu. Gurudumu likiachia hapo, shinikizo lilikuwa limezuiwa katika silinda kuu. Kabla ya kununua silinda nyingine, tundu dogo lizibuliwe na silinda isafishwe.

Hatua ya tatu: lisipoachia, nipeli ya kutolea hewa iliyo kwenye kalipa ilegezwe. Likiachia sasa, mpira wa breki umevimba kwa ndani. Mafuta hupita kwa nguvu ya mkono lakini hayawezi kurudi. Mpira huo ununuliwe mpya.

Hatua ya nne: lisipoachia hata hapo, kosa si la mafuta. Pistoni za kalipa zimekwama, au pini ambazo kalipa huteleza juu yake zimekauka, au pedi si saizi yake, au diski imepinda. Kosa linaloonekana zaidi baada ya kubadili pedi ni fundi kuzirudisha ndani pistoni zilizojaa tope bila kuzisafisha kwanza. Uchafu uliokuwa nje huingia na kuibana sili.

Baada ya hatua ya pili au ya tatu hewa imeingia katika mfumo. Pikipiki isipandwe kabla hewa haijatolewa yote na mkono wa breki haujawa mgumu.

Tena kuna suala la shokapu. Pikipiki nyingi zina bolti ndogo zinazoibana ekseli chini ya shokapu. Kabla ya kuzikaza, pikipiki ishushwe chini, breki ya mbele ishikwe, na usukani usukumwe chini mara tatu au nne ili shokapu zikae sawa. Zisipokaa sawa, kalipa huvutwa upande na pedi moja husugua diski daima.

MAFUTA YA BREKI

Kwenye kifuniko cha kikopo huandikwa aina ya mafuta yanayotakiwa, kwa kawaida DOT 3 au DOT 4. Mafuta ya injini, mafuta ya taa na petroli visitumike kamwe, hata kwa kusafishia. Huvimbisha sili za mpira, na sili iliyovimba hairudishi pistoni. Breki iliyowahi kutiwa mafuta ya injini hubana siku chache baadaye, na tiba yake ni kubadili sili zote pamoja na mpira wa breki. Hapo kosa la nusu kikombe cha mafuta huwa gharama ya breki nzima.

Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani. Chupa iliyokaa wazi ghalani isitumike tena. Aidha, mafuta haya huharibu rangi ya tangi, hivyo yakimwagika yaoshwe mara moja kwa maji.

YASIYOFAA KUFANYWA

Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo. Viatu vya zamani huweza kuwa na asbesto, ambayo hudhuru mapafu. Lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu.

Diski yenye moto isimwagiwe maji. Huweza kupinda.

Breki ya mbele isifunguliwe na kuachwa bila kufanya kazi "mpaka fedha zipatikane". Pikipiki inayosimama kwa breki ya nyuma pekee huhitaji umbali mrefu zaidi kabla ya kusimama, na kwenye mteremko wenye kokoto hilo ni jambo la kufa na kupona.

WAJIBU WA OFISI YA CHAMA

Katibu si fundi, wala hatakiwi kuwa fundi. Wajibu wake ni kuhakikisha mambo matano:

1. Pikipiki iende kwa fundi ikiwa na maandishi yanayoeleza kasoro na kazi iliyoagizwa. Neno "service" au "matengenezo" peke yake halitoshi.

2. Fundi aandike kila alichofungua, alichobadili na alichoongeza. Orodha hii ndiyo itakayojibu lile swali la "Kipi kiliguswa?"

3. Vifaa vya zamani virudishwe ofisini. Pedi zilizolika sana upande mmoja tu, kwa mfano, huonyesha kwamba pini za kalipa zimekauka, na kufunga pedi mpya bila kuzisafisha pini ni kutupa fedha.

4. Malipo yafanywe baada ya majaribio. Gurudumu lizungushwe likiwa baridi. Kisha pikipiki ipandwe kilometa tano, na breki itumike kwa kiasi cha kawaida. Baada ya kusimama, kiganja kisogezwe karibu na diski au habu bila kuigusa. Joto la wastani ni la kawaida. Joto kali au harufu ya kuungua ni dalili ya kubana. Gurudumu lizungushwe tena likiwa na moto, kwa maana breki ya mfano wetu ilikuwa nyepesi ilipokuwa baridi.

5. Matokeo yaandikwe katika daftari la chombo pamoja na tarehe, kilometa zilizosomwa, jina la fundi na sahihi ya aliyejaribu.

Ombi la kununua silinda kuu, kalipa au kifaa kingine cha bei kubwa linapofika mbele ya bodi, wajumbe waulize hatua zipi za uchunguzi zilifuatwa na zilionyesha nini. Ombi lisilo na majibu hayo lirudishwe kwa fundi. Kuuliza hivyo si kumdharau fundi. Fundi mwema hufurahi kuulizwa, kwa sababu kazi yake huonekana. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na pengo la kifuniko lililokosewa leo huweza kuwa msiba wa kesho.

Vyama vyenye pikipiki vinashauriwa kuibandika orodha ya mambo matano yaliyotajwa hapo juu ukutani, mahali daftari la chombo linapowekwa, na kuisoma pamoja na wapandaji wote kabla ya msimu wa ununuzi kufunguliwa.